Nimeacha sigara mara nne na nimerudi mara nne. Je, ni kweli sina nia?

SWALI: Daktari, nina miaka 44 na nimevuta sigara tangu nikiwa na 19. Ni paketi moja kwa siku, na ya kwanza naiwasha kabla sijanawa uso. Nimejaribu kuacha mara nne. Mara ya kwanza nilidumu siku tatu. Ya pili wiki mbili, nikarudi nikiwa kwenye pombe na rafiki zangu. Ya tatu nilifika miezi minne, nikafiwa na kaka yangu, nikavuta moja tu msibani, na wiki moja baadaye nilikuwa nimerudi kwenye paketi. Ya nne ilikuwa mwaka huu. Nilinunua chingamu za nikotini, zikanichoma koo na kunipa kwikwi, nikazitupa. Nikawa nakunywa kahawa nyingi ili nisisinzie kazini, usiku silali, nagombeza watoto bila sababu. Siku ya tisa mke wangu mwenyewe akasema nivute tu ili nyumba itulie. Sasa anasema sina nia, nami naanza kumwamini. Je, wapo watu wasioweza kuacha? Nifanye nini ambacho sijafanya?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa msiba wa kaka yako. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nataka nianze na lile linalokuuma zaidi.

Mtu asiye na nia hajaribu mara nne. Hatoi pesa yake kununua chingamu za nikotini, wala hakumbuki kwamba aliporudi ilikuwa siku ya tisa. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha sigara peke yao, bila dawa wala ushauri, ni 3 hadi 5 tu wanaokuwa bado hawavuti baada ya miezi sita hadi mwaka. Wengi wa waliobaki hurudi ndani ya siku nane za kwanza. Siwezi kuamini kwamba watu 95 kati ya 100 ni wazembe. Wewe ulipita siku hizo nane mara tatu, na safari moja ukafika miezi minne.

Ninachokiona mimi ni kwamba uliingia vitani mara nne ukitegemea nia karibu peke yake, na kila mara ukaangushwa na kitu kingine. Siku ya tatu kilikuwa kitu kimoja, kwenye pombe kingine, msibani kingine, na siku ya tisa kingine kabisa. Nia haitibu vyote hivyo. Kwa hiyo nitapita nawe katika kila mahali ulipoanguka, kwa sababu dawa yako imo humohumo.

Tuanze na zile siku tatu. Moshi ukiingia mapafuni, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Kasi hiyo ndiyo inayoifanya sigara ishike watu namna hii: ubongo hauna nafasi ya kukosea kuhusu kilichouletea raha. Baada ya muda, ubongo huongeza vipokezi vya nikotini, na vipokezi hivyo hutaka kulishwa. Nikotini nayo haikai sana mwilini. Kila baada ya saa mbili hivi kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu. Ukilala usiku kucha, asubuhi unaamka ukiwa mtupu. Ndiyo maana sigara yako inatangulia maji ya kunawa. Mimi nikitaka kujua mtu ameshikwa kiasi gani, swali la kwanza ni hilo: ya kwanza unavuta dakika ngapi baada ya kuamka? Anayevuta ndani ya nusu saa ana uraibu mzito, hata kama idadi ya sigara zake si kubwa.

Arosto ya sigara, yaani mateso ya mwili unapokosa nikotini, huanza saa chache tu baada ya sigara ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka polepole kwa wiki mbili hadi nne. Hasira, wasiwasi, huzuni, kukosa usingizi, njaa isiyoisha, akili kutotulia, hata choo kuwa kigumu: hayo yote ni yenyewe. Angalia sasa ulipoacha safari yako ya kwanza. Ulikata tamaa juu kabisa ya kilele, siku ambayo kesho yake mteremko ungeanza, na hapakuwa na mtu wa kukuambia hivyo.

Kuna jambo ambalo huwa napenda kuwaeleza wagonjwa wanaojilaumu kama wewe. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wavutaji waliokuwa wamepata majeraha kwenye sehemu ndogo ya ndani ya ubongo iitwayo insula. Baadhi yao waliacha sigara ghafla, bila taabu, na hamu haikurudi. Tabia zao hazikuwa zimebadilika wala imani zao hazikuongezeka. Kilichoguswa kilikuwa ubongo. Mkeo anapoona unanguruma kama simba siku ya tatu, anachokiona ni kiungo cha mwili kilicho matatizoni.

Sasa tuje kwenye safari ya mwaka huu, kwa sababu ndiyo inayonipa matumaini zaidi. Ulikuwa na dawa sahihi mkononi, na nina hakika hakuna aliyekufundisha kuitumia.

Chingamu ya nikotini haitafunwi kama chingamu ya kawaida. Nikotini yake inatakiwa iingie mwilini kupitia ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ukiitafuna mfululizo, inatoka yote kwa pamoja, unaimeza na mate, inachoma koo, inaleta kwikwi na kichefuchefu, na ubongo haupati kitu cha maana. Itafune taratibu mpaka usikie ukali, kisha ibane kati ya fizi na shavu. Ukali ukiisha, itafune tena kidogo, uibane upande mwingine. Fanya hivyo kwa nusu saa hivi. Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi: kahawa, soda na juisi za matunda huufanya mdomo kuwa na asidi, na nikotini haipenyi vizuri penye asidi. Acha dakika 15 tangu unywe kitu kama hicho, na usinywe ukiwa nayo mdomoni. Wewe ulikuwa unakunywa kahawa kutwa nzima.

Na nguvu yake? Chingamu hizo zipo za miligramu 2 na za miligramu 4. Mtu anayewasha kabla ya kunawa uso anahitaji za 4. Nakushauri pia usitumie chingamu peke yake. Bandika plasta ya nikotini kila asubuhi. Kwa mvutaji wa paketi moja mara nyingi tunaanza na ya miligramu 21. Plasta hutoa nikotini polepole kutwa nzima na kuzuia ule utupu, na chingamu inashughulikia hamu inayoibuka ghafla. Vyote viwili pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja. Tumia kwa wiki 8 hadi 12, ukishuka kwenye plasta zenye nguvu ndogo, na usikatishe wiki ya tatu kwa sababu unajisikia umepona. Hilo nimeliona likiwaangusha wengi.

Najua utauliza: si bado ninakula nikotini? Ndiyo, lakini nikotini ndiyo inayokufunga. Saratani na magonjwa ya mapafu huletwa na moshi, pamoja na lami na mamia ya sumu zilizomo. Plasta hutoa nikotini taratibu sana, bila ule mshindo wa sekunde kumi, ndiyo maana ni rahisi kuachana nayo. Kama umepata shambulio la moyo karibuni, zungumza kwanza na daktari anayekutibu. Na plasta zilizokwisha kutumika zikunje uzitupe mbali na watoto, bado zina nikotini ya kutosha kumdhuru mdogo.

Halafu kahawa. Hapa ndipo nilipotikisa kichwa kwa huruma nilipokuwa nasoma. Kemikali zilizomo kwenye moshi wa sigara huliharakisha ini katika kazi ya kuvunja kafeini. Ukiacha moshi, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, na vikombe vilevile ulivyozoea vinakuachia kafeini karibu mara mbili katika damu. Wewe hukubaki kwenye vikombe vilevile, uliongeza. Kutolala kwako, kugombeza watoto: sehemu ilikuwa arosto, na sehemu, naamini si ndogo, ilikuwa kahawa. Safari hii, siku unayoacha, punguza kahawa kwa nusu, na baada ya mchana usinywe kabisa. Plasta haisaidii katika hili, kwa kuwa jambo lenyewe linatokana na moshi.

Kwa wengine wanaosoma hapa: kwa sababu hiyohiyo ya ini, anayetumia theofilini kwa pumu, au klozapini au olanzapini kwa ugonjwa wa akili, amwambie daktari wake kabla ya kuacha sigara ili dozi iangaliwe. Anayejidunga insulini apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo.

Zipo pia dawa za kumeza. Mwezi Julai 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, na pamoja na nikotini ya tiba liliitaja varenikilini, bupropioni na sitisini. Kwa mtu mwenye historia kama yako, ningeongea na daktari kuhusu varenikilini. Inakalia kiti cha nikotini kwenye vipokezi, inakituliza kidogo kipokezi hicho, na ukivuta sigara raha yake haiji kama zamani. Unaanza kuimeza wiki moja au mbili kabla ya tarehe ya kuacha, kwa kawaida kwa wiki 12. Inaweza kuleta kichefuchefu, hivyo imeze baada ya kula na kwa maji ya kutosha, na inaweza kuleta ndoto za ajabu. Kwa miaka mingi watu waliogopa kwamba inavuruga akili. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu zaidi ya 8,000, wakiwemo wenye magonjwa ya akili, haukuona ongezeko la maana la madhara hayo. Bupropioni nayo inasaidia, ila haimfai mwenye kifafa. Kama ulipo dawa hizi hazipatikani, usikate tamaa: plasta na chingamu zikitumiwa sawasawa ni tiba kamili.

Nusu ya kwanza ya tatizo ndiyo hiyo, ya mwili. Ile ya pili ilikukuta kwenye pombe.

Piga hesabu nami. Sigara 20 kwa siku, kila moja ukiivuta mara kumi hivi, ni pafu 200 kwa siku. Kwa miaka 25 ni zaidi ya milioni moja na laki nane. Kila pafu lilifungamana na kitu: kikombe, simu, kumaliza kula, kutoka kazini, sauti ya rafiki fulani. Baada ya wiki mbili nikotini ilikuwa imekwisha mwilini mwako siku nyingi, lakini zile kamba zilikuwa bado zimefungwa, na pombe ni kamba nene kuliko zote. Inaita sigara, na wakati huohuo inalegeza ile sehemu ya akili inayosema hapana. Kama ningeruhusiwa kukupa shauri moja tu nje ya dawa, lingekuwa hili: mwezi wa kwanza usinywe kabisa. Waambie rafiki zako kabla, ukiwa mzima, kwamba hutakuwepo kwa mwezi mmoja na sababu ni hii. Rafiki anayekucheka kwa hilo, kaa mbali naye mpaka mwezi uishe.

Hamu inapokuja, jua kwamba ni wimbi la dakika chache. Inapanda, inasimama, inashuka, uvute usivute. Ondoka pale ulipo, tembea, nawa uso, piga mswaki, mpigie mtu simu. Kinachosaidia ni kuwa umeamua mapema utafanya nini, kwa sababu wimbi likishakupanda huwezi tena kufikiri vizuri. Na nyumbani, usiku wa kuamkia siku yenyewe, toa kila kitu: kisahani cha majivu, kiberiti, vipisi vilivyo kwenye gari, na hasa ile paketi ya akiba ambayo kila mvutaji ana mahali anapoificha.

Sasa msiba. Hapa nitakwenda taratibu.

Wewe unaisimulia sigara ile moja kama mwisho wa safari. Mimi naona safari iliishia katika wiki iliyofuata. Kujikwaa si kuanguka. Aliyevuta moja na kuitupa, akamweleza mtu siku hiyohiyo, akarudi kwenye chingamu yake kesho yake, bado yuko njiani. Aliyevuta moja akajiambia "nimekwisha, mimi ndivyo nilivyo" ndiye anayemaliza paketi. Kilichokurudisha kilikuwa aibu, na uliibeba peke yako katika siku ambazo tayari ulikuwa na mzigo wa kaka yako. Lakini nisikufiche upande wa pili: vipokezi vya ubongo huchukua wiki 6 hadi 12 kurudi kawaida, na kumbukumbu ya raha ile haifutiki kwa haraka namna hiyo. Kwa aliyeacha, "moja tu" ni hatari kweli. Ndiyo maana mtu anahitaji chingamu mfukoni hata mwezi wa tano, kwa ajili ya siku kama zile.

Na sigara haitulizi huzuni. Najua inavyohisiwa, ila inachotuliza ni arosto yake yenyewe, na kwa kuwa arosto inafanana na huzuni na wasiwasi, mtu anaona ametulizwa. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti nyingi zilizofuatilia hali za watu kabla na baada ya kuacha. Walioacha walikuwa na wasiwasi, huzuni na msongo mdogo kuliko walioendelea kuvuta. Kaka yako bado unaye moyoni, na sidhani kama umepata nafasi ya kumlilia sawasawa. Tafuta mtu wa kukaa naye kwa ajili ya hilo. Naliweka kama sehemu ya tiba yako, sawa na plasta.

Kuhusu mkeo: alikuambia vuta ili nyumba itulie, leo anakuambia huna nia. Ni mtu aliyechoka, na hakuwa na habari kwamba siku ya tisa mteremko umekwisha kuanza. Msomee barua hii. Mpe kazi zinazoshikika: kwamba siku tano za kwanza awaweke watoto mbali nawe kidogo, kwamba ukipaza sauti akuguse bega asijibu, kwamba asikuulize kila jioni kama umevuta. Ungekuwa na mwingine wa kukutumia ujumbe kila siku ingekuwa bora zaidi. Nchini Uingereza mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa watu wapatao 5,800 ambapo kundi moja lilitumiwa ujumbe wa simu wa kuwatia moyo kuacha. Baada ya miezi sita, walioacha walikuwa karibu 11 kati ya 100, na kwa wale waliopata ujumbe wa mambo mengine walikuwa 5. Maneno tu ya simu yaliongeza mara mbili.

Usipunguze kidogokidogo ukidhani ni njia rahisi. Anayevuta chache huzivuta kwa nguvu zaidi, na kila iliyobaki inakuwa tamu zaidi. Sigara zinazoitwa "laiti" zina mtego huohuo. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2016, uliwapanga watu karibu 700: wengine waache ghafla, wengine wapunguze kwa wiki mbili kabla ya kuacha. Baada ya wiki nne, 49 kati ya 100 wa kundi la kwanza walikuwa hawavuti, na 39 wa kundi la pili. Chagua tarehe ndani ya wiki mbili zijazo, na siku hiyo iwe hakuna hata pafu.

Shisha usiiguse, maji hayaondoi sumu. Ugoro na tumbaku ya kutafuna vina nikotini ileile na huleta saratani ya kinywa. Uzito unaweza kuongezeka, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Usianze kufunga kula katika mwezi huohuo, vita viwili kwa wakati mmoja ni vingi.

Umeuliza kama wapo wasioweza kuacha. Nimewaona walioacha safari ya nane, ya kumi na moja, watu ambao nyumba nzima ilikuwa imekata tamaa nao. Sijaona sababu katika barua yako ya kukutenga na watu hao. Una miaka 44. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa tangu mwaka 1951 kwa miaka 50 walionyesha kwamba aliyeacha karibu na miaka 40 alirudisha takribani miaka 9 ya maisha ambayo sigara ingemnyima, na aliyeacha kwenye 50 takribani 6. Wewe uko katikati hapo.

Wiki hii nenda kamwone daktari au mfamasia ukiwa na barua hii, panga tarehe, nunua plasta na chingamu za miligramu 4 kabla siku haijafika. Punguza kahawa. Mwambie mkeo kuhusu siku ya tatu. Na siku ya kumi asubuhi, tafadhali, niandikie.